Zulia la gunia aliloniachia bibi: nilifue, nilipake gundi au niliache?

*"Shikamoo mwalimu. Niko Halifax, Kanada, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani kwao. Bibi mmoja niliyekuwa namhudumia alifariki mwaka jana, na watoto wake wakanipa zulia dogo lililokuwa chumbani kwake, kama mita moja kwa sentimita 60. Alikuwa akisema mama yake ndiye aliyelitengeneza, msimu wa baridi, kwa makoti na sketi kuukuu za familia. Katikati kuna maua mekundu, pembeni majani yaliyojikunja, na ukingo wa kahawia iliyokoza. Nyuma halina bitana, gunia liko wazi. Likikunjwa linalia kama majani makavu na kuacha unga wa kahawia mezani. Kona moja ina tundu la kuingia kidole gumba, na vitanzi vya hapo vimelegea. Mume wangu anasema ni gunia lililotiwa matambara, halina maana. Mama mkwe yuko Tanga, anasema niliroweke usiku kucha kwenye sabuni ya unga, nilisugue kwa brashi, nilianike juani. Fundi mmoja wa mazulia hapa mjini anataka kulipaka gundi ya mpira nyuma ili vitanzi visitoke. Nimsikilize nani? Na je, naweza kujifunza kutengeneza la kwangu kwa mabaki ya vitenge niliyonayo?"*

Marahaba. Usiliroweke, usikubali gundi, na usilikunje tena kumwonyesha mtu ule mlio wa majani makavu. Kila mlio ni uzi wa gunia unaokatika. Lilaze mezani, maua yakitazama juu, kisha tuzungumze.

Nimekuelewa hivi: umeachiwa kumbukumbu ya mtu uliyemtunza, unaogopa kuiharibu kwa kuisafisha, na unaogopa vilevile ikuozee mikononi kwa kuiacha. Waliokushauri si wajinga. Kila ushauri uliopewa unafaa kwa aina fulani ya zulia, ila si hili. Kwa hili wote wameangalia sufu, kumbe mgonjwa ni gunia.

Nianze na mumeo, kwa sababu yeye amepatia nusu. Ni gunia kweli, na ni matambara kweli. Mazulia ya kulabu, yaani yale ambayo tepe za matambara huvutwa kwa ndoana kupitia matundu ya gunia zikabaki vitanzi, yalizaliwa hivyo. Yalishika kasi katikati ya karne ya 19 kwenye pwani ya kaskazini mashariki ya Marekani, hasa Maine na New Hampshire, na upande wa Kanada huko uliko wewe Nova Scotia, pamoja na New Brunswick na Newfoundland. Wapo wanaosema ufundi huu uliletwa na mabaharia. Wengine wanaurudisha kwa wafumaji wa Yorkshire, Uingereza, waliobeba nyumbani mabaki ya nyuzi kutoka viwandani. Mimi sishindani na yeyote kuhusu nani alivuta uzi wa kwanza. Kilichoufikisha ufundi huu jikoni kwa mke wa mvuvi ni gunia.

Juti, mmea unaotoa nyuzi za magunia, ililimwa Bengal, mashariki mwa Bara Hindi. Kuanzia miaka ya 1830 ikawa inasokotwa kwa mashine Dundee, huko Uskoti, na mwaka 1855 kiwanda cha kwanza cha juti kikafunguliwa karibu na Kolkata. Magunia yakazagaa duniani yakibeba nafaka, sukari na chakula cha mifugo. Ni ukoo mmoja na magunia yaliyobeba karafuu Unguja na kahawa Moshi kabla salfeti hazijaingia. Mama wa Nova Scotia aliyemaliza gunia la chakula cha kuku alibaki na kitambaa cha bure, kigumu, chenye matundu mapana kiasi cha kupitisha kulabu bila kukata uzi. Kulabu yenyewe mara nyingi ilikuwa msumari uliopindwa ncha na kuchomekwa kwenye kishikio cha mti. Sakafu ya mbao ilikuwa ya baridi, msimu wa baridi ulikuwa mrefu, na koti lisilovalika tena lilikuwa bado na sufu nzuri mgongoni. Hakuna kilichonunuliwa. Ndiyo maana magazeti ya akina mama wa mjini wakati ule hayakuujali ufundi huu: ulionekana kazi ya maskini wa mashambani.

Biashara ilikuja na mchuuzi. Mwaka 1868, mjini Biddeford, Maine, Edward Sands Frost alikuwa akizunguka na gari la farasi akiuza vyombo vya bati. Aliona mkewe akihangaika na zulia lenye mchoro mbaya, akamchorea mwingine kwenye gunia. Majirani wakataka. Mkono ukachoka, akaanza kukata chapa za bati na kupiga michoro kwa rangi juu ya magunia mapya, simba, maua, mbwa, majani ya kujikunja, akauza nyumba kwa nyumba mpaka alipoiuza biashara yenyewe mwaka 1876. Waigaji walikuwa wengi, na huko kwenu ukoo wa Garrett wa New Glasgow uliuza michoro ya namna hiyo kwa miongo mingi. Nakwambia haya kwa sababu maelezo yako, ua katikati na majani ya kujikunja pembeni, yanafanana sana na michoro ya kununua. Angalia kwenye pindo la nyuma, pale vitanzi vinapoishia: kama gunia lililokunjwa ndani lina mistari ya rangi au namba iliyopigwa mhuri, mama wa bibi alinunua mchoro. Kama hakuna, huenda alijichorea mwenyewe kwa kijiti cha mkaa. Usilifumue pindo kutafuta, chungulia tu.

Kuna mahali ufundi huu ulipanda cheo. Daktari Mwingereza Wilfred Grenfell alifika pwani ya Labrador mwaka 1892, akaanzisha misheni ya tiba, na mwaka 1906 akamleta Jessie Luther mjini St. Anthony, Newfoundland, kuwapa wanawake wa wavuvi kazi za mikono zenye kipato. Mazulia yao yalijazwa tundu kwa tundu, mistari imenyooka, picha za dubu, mbwa wa kuvuta sleji na mashua. Mwishoni mwa miaka ya 1920 misheni iliwaomba wanawake wa miji mikubwa watume soksi za hariri zilizochanika. Zikapakwa rangi na kuvutwa kwa kulabu hadi zulia likawa jembamba kama kitambaa cha kushonea koti. Na huko Cape Breton, kijiji cha Chéticamp cha Wakadia, wazao wa walowezi wa Kifaransa, msanii wa Marekani Lillian Burke alianza mwaka 1927 kuwafundisha wanawake kutumia sufu nyembamba na rangi laini, akawauzia kazi zao New York. Katikati ya miaka ya 1930 wengi wao waliona malipo hayatoshi, wakajitenga na kuuza wenyewe. Kijiji hicho ndicho kilichomtoa Elizabeth LeFort, aliyefariki mwaka 2005, aliyetengeneza sura za watu kwa kulabu kwa ustadi wa mchoraji. Kazi zake ziko kwenye jumba la makumbusho la Les Trois Pignons palepale Chéticamp. Ukipata likizo, nenda ukaone. Mimi binafsi huvutiwa zaidi na mazulia ya jikoni, yenye ua lililopinda kwa sababu nyekundu iliisha katikati ya kazi.

Hilo linanifikisha kwenye thamani, maana nadhani ndilo hasa mumeo anauliza. Soko hulipa kwa picha za pekee, kwa mazulia ya Grenfell yenye lebo yake iliyoshonwa nyuma, na kwa hali nzuri. Zulia la maua lenye tundu na gunia linalopukutika halitawalipia kodi ya nyumba. Lakini kusema halina maana ni jambo jingine. Ni nguo za watu watatu au wanne wa ukoo mmoja zilizokaa pamoja tangu enzi za mama wa bibi, na una bahati ya kujua zilikotoka. Wengi wanaonunua mazulia haya mnadani hawajui.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Fungua kamera ya simu, ikaribishe kwenye ile kona iliyotoboka. Utaona utepe wa sufu, upana wa milimita tano au sita, unapita chini ya gunia kwa mwendo mfupi, unapanda juu kupitia tundu la gunia, unajikunja kuwa kitanzi, unashuka tundu hilohilo, unaruka nyuzi mbili au tatu, unapanda tena. Utepe ukiisha, ncha yake huvutwa juu na kukatwa usawa wa wenzake. Pande zote mbili za zulia picha ni moja, ila nyuma ni bapa na mbele imeinuka. Tafuta fundo. Halipo. Tafuta gundi. Haipo. Hakuna mshono wowote unaoshika kitanzi.

Kinachovishika ni msongamano. Kitanzi kikipenya kinalisukuma gunia kando, gunia nalo linarudi kukibana, na majirani zake wanakibana kila upande. Ni kama abiria wa daladala ya jioni Mbagala: hakuna aliyeshika bomba, na hakuna anayeanguka. Sufu inafaa kuliko kitambaa kingine kwa sababu unywele wake una magamba madogo yanayokwaruzana na juti, na kwa sababu ukiukandamiza unainuka tena. Koti lililofuliwa mara nyingi kwa maji ya moto ni bora zaidi, maana magamba yameshikana na kitambaa hakitoi nyuzi kikikatwa.

Kwa hiyo vitanzi vyako havilegei kwa kukosa gundi. Vinalegea kwa sababu uzi wa gunia uliokuwa ukivibana umekatika. Abiria mmoja ameshuka, mwingine amepata nafasi ya kuyumba. Na sababu ya uzi kukatika iko ndani ya juti. Ukiupasua uzi wa juti utakuta umejengwa na chembe fupi, milimita mbili hadi tatu tu, zilizogandishwa na lignini, kile kitu kinachofanya mti uwe mti. Kitani, kwa kulinganisha, kina chembe zinazofika sentimita mbili na zaidi. Lignini ikipigwa na mwanga na hewa kwa miaka mingi hugeuka kahawia, hujaa asidi, hukauka, na zile chembe fupi zinaachana. Ule unga mezani kwako ni hizo chembe. Maua yanaweza kuonekana mapya kabisa huku gunia limezeeka mpaka mwisho. Sufu ya mama wa bibi itaishi kuliko mimi na wewe. Gunia lake haliwezi.

Kwa msingi huo, ushauri wa Tanga unajihukumu wenyewe. Mama mkwe wako anajua kufua, sina ugomvi naye, na mkeka wa plastiki au zulia la pamba ningempelekea yeye. Lakini juti kuukuu ikilowa hupungua nguvu, wakati huohuo sufu hunywa maji mengi na kuwa nzito. Utalitoa kwenye beseni, uzito wote utaning'inia kwenye nyuzi zilizokwisha, na litachanika mikononi mwako kama karatasi. Kuna mengine. Sabuni nyingi za unga zina vimeng'enya vya kula madoa ya damu na mayai, yaani protini, na sufu pia ni protini. Brashi itafanya vitanzi vishikane vipira. Juti yenyewe ikilowa hutoa maji ya kahawia yanayopanda hadi kwenye maua. Nyekundu ya zamani, hasa kama ilipakwa nyumbani kwenye sufuria, inaweza kutoka na kuingia kwenye rangi za jirani, na hapo hakuna fundi atakayeirudisha. Jua la kuanikia litamalizia lignini iliyobaki. Ukimpigia simu mwambie tatizo si uchafu, ni uzee. Ataelewa.

Gundi ya fundi ni hatari zaidi, kwa sababu inaonekana kama imefanya kazi. Mazulia mengi ya madukani yanayofanana na lako huchomwa uzi kwa mashine ya mkononi yenye umbo la bunduki, na kwayo gundi ya mpira ni lazima: vitanzi vyake havina msongamano wa kutosha, ndipo hupakwa gundi nyuma na kufunikwa kitambaa. Huenda fundi wako amezoea hayo na anakutakia mema. Lakini mpira unazeeka. Ndani ya miaka michache au miongo michache unakauka, unapasuka, unageuka unga mweupe au wa njano, na kabla haujafika huko umekwishaingia kati ya kila uzi wa juti. Hautoki bila kuondoka na gunia. Zulia lililopakwa gundi haliwezi kushonwa kiraka, haliwezi kuingizwa utepe mpya, na haliwezi kupumua unyevu. Kwenye karne ya 20 watu wengi waliyapaka mazulia yao kwa nia njema, na leo hayo ndiyo yanayowashinda wahifadhi wa nguo za kale. Mtu akikwambia gundi itasimamisha kuoza, sivyo: inafunika kuoza usikuone.

Basi ufanye nini? Kwanza vumbi. Vumbi la sakafuni lina chembe za mchanga zenye makali, na kila zulia likitikisika zinakata nyuzi. Chukua kifyonza vumbi, ondoa kile kichwa chenye brashi inayozunguka, bakiza bomba, punguza nguvu hadi ya chini kabisa. Funga mdomo wa bomba kwa kipande cha neti ya mbu na mpira wa kufungia. Neti ndiyo itakayokuokoa utepe uliolegea usimezwe. Pita taratibu bila kusugua, sehemu ndogo ndogo, zulia likiwa limelala bapa, na ile kona usiiguse kabisa. Kuligeuza, weka kadibodi juu yake, ulibane kati ya kadibodi mbili, ligeuke lote kwa pamoja bila kujikunja. Nyuma ondoa unga uliolegea kwa namna hiyohiyo. Usilikung'ute dirishani. Usilipige fimbo.

Majirani watakwambia kuna njia ya kale, ya kulilaza kifudifudi kwenye theluji mpya iliyo kavu na kulifagia. Si uongo. Kwa zulia lenye gunia zima au lenye kitani, siku ya baridi kali ambayo theluji ni unga mkavu, inafanya kazi vizuri. Kwa lako, hapana, kwa sababu theluji ikiyeyuka kidogo tu umeshalilowesha.

Pili, wadudu. Tazama chini ya vitanzi kama kuna vibuyu vidogo vya utando, chenga kama mchanga, au mahali ambapo sufu imeliwa na gunia limebaki. Nondo wa nguo hapendi gunia, anafuata sufu. Ukimkuta, usipulize dawa. Lizungushe zulia kwenye bomba pana la kadibodi, vitanzi vikiwa nje, lifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, liweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukilitoa, liache siku nzima ndani ya mfuko wake likapate joto la chumba, vinginevyo unyevu utagandamana juu ya sufu.

Kulihifadhi ni hivyohivyo: kuviringisha, siyo kukunja, vitanzi nje ili gunia lisivutike, shuka safi ya pamba juu yake. Plastiki ni ya friza tu. Mahali penye giza, pakavu, mbali na kipasha joto. Siyo chini ya nyumba ambako kuna unyevu, wala darini.

Kama unataka kuliona kila siku, na nadhani unataka, sakafuni hapana tena. Ukutani panawezekana kwa masharti. Kama gunia lilikuwa bado linanyumbuka, ningekwambia ushone ala ya kitambaa cha pamba upande wote wa juu wa nyuma na kupitisha ufito, uzito ugawanyike. Lakini linalolia likikunjwa halibebi uzito wake lenyewe. Hilo hushonwa juu ya ubao uliofunikwa kitambaa, ubao ndio unabeba. Misumari minne kwenye kona nne ni kulisulubu. Chagua ukuta usiopigwa na jua. Na kuhusu bitana, nitasema jambo ambalo huwachanganya watu: bitana nyuma ya zulia la ukutani ni nzuri, inalishika na kulilinda na vumbi. Bitana nyuma ya zulia la sakafuni ni mbaya, mchanga unanasa kati ya bitana na gunia na kusaga kila mtu akipita.

Tundu lenyewe, usilishone kwa sindano ya nguo na uzi wa kuvuta, uzi mpya wenye nguvu utakata gunia lililochoka kando yake. Usibandike utepe wa gundi wala wa pasi. Kwa sasa chukua kipande cha chandarua laini au pamba nyembamba, kilaze chini ya kona, zulia likae juu yake, vitanzi vilivyolegea vibaki mahali pake. Kilichotoka kabisa kiweke kwenye bahasha, andika kimetoka wapi. Rangi hiyo hutaipata dukani.

Matengenezo kamili ni kazi ya kukutana na mtu uso kwa uso, na hapa lazima nikuelekeze kwa aina mbili za watu. Kama kuna sehemu ambazo gunia bado ni imara na tundu ni hilo moja, mtengenezaji mzoefu wa mazulia ya kulabu anaweza kuweka kiraka cha kitani chini, kikashonwa hadi mahali penye nguvu, kisha vitanzi vikavutwa upya kupita tabaka zote mbili. Rug Hooking Guild of Nova Scotia ni chama cha watu wa kazi hiyo katika mkoa wenu, waulize. Lakini unga ukidondoka hata zulia likiwa limetulia, ukiona ukungu au kusikia harufu ya uvundo, rangi ikiwa imeanza kutoka, au ukigundua mtu wa zamani alishalipaka mpira, basi liende kwa mhifadhi wa nguo za kale. Canadian Association of Professional Conservators wana njia ya kumtafuta mhifadhi kwa fani na mahali. Kwa maelezo yako, mimi ningeanzia kwa mhifadhi. Mpigie kwanza na umtumie picha za mbele, nyuma na kona. Mwulize kabla hajaligusa: utafanya nini, kwa nyenzo gani, na je, kinaweza kuondolewa baadaye? Akishindwa kujibu swali la tatu, mshukuru uondoke. Gharama inaweza kuzidi bei ya zulia sokoni, na hakuna aibu ukiamua kuliviringisha vizuri na kuliacha. Kuliacha vizuri nako ni kulitunza.

Vitenge sasa. Inawezekana, na nimeona kazi nzuri, ila ujue pamba haifanyi kama sufu. Inateleza, haina magamba, inatoa nyuzi pembeni, na ikikanyagwa inalala na haiinuki. Kwa hiyo usianze na zulia la kukanyaga. Anza na foronya ya mto wa kochi au picha ya ukutani, sentimita 30 kwa 30. Chagua kitenge ambacho rangi inaonekana pande zote mbili, kifue mara mbili kuondoa wanga na rangi ya ziada. Kata tepe za sentimita moja na nusu na uzikunje kwa urefu unapovuta, ili kingo zinazotoka nyuzi ziingie ndani. Nakshi kubwa ya kitenge itapotea, kwa kuwa kitanzi kinaonyesha nukta tu ya rangi, basi panga kwa rangi, usipange kwa ua. Utashangaa nguo inavyoondoka: eneo moja la zulia hula kitambaa mara nne au tano ya ukubwa wake.

Ukitaka la sakafuni, huko uliko maduka ya mitumba yamejaa sketi na blanketi za sufu. Soma lebo iwe sufu tupu, fua kwa maji ya moto, kausha kwenye mashine mpaka kitambaa kinene, ndipo ukate. Na msingi usiwe gunia, hata kama wakaanga kahawa wa Halifax wanakugawia bure. Umeona mwenyewe mwisho wake. Nunua kitani kilichofumwa kwa ajili ya kulabu. Kibane kwenye fremu kama ngoma, kulabu mkono wa kulia juu, utepe mkono wa kushoto chini ya kitambaa, urefu wa kitanzi uwe sawa na upana wa utepe. Usijaze kila tundu, ukisonga kupita kiasi kazi itavimba katikati na kukataa kulala. Usiruke kutoka rangi hii hadi ile kwa kupitisha utepe nyuma juu ya mwingine, kata uanze upya, maana kila kinachotokeza nyuma ndicho kitakachosagika kwanza. Vuta mistari miwili iliyonyooka kuzunguka ukingo wote kabla ya kuanza mchoro. Na acha sentimita kumi za kitani tupu kila upande: fremu inahitaji pa kushika, na pindo litatoka hapohapo.